Njia ya Chooni Ilipita Mbele ya Baba Mkwe

Naitwa Nyangeta. Nimekulia Bunda mjini kwa shangazi yangu, fundi cherehani. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkikuta sentensi yangu imepinda mahali, inyoosheni wenyewe, mimi kazi yangu ni kunyoosha pindo.

Kabla sijaumwa nilikuwaga mtu wa kucheka na kuota ndoto mchana. Nakanyaga cherehani huku naliona duka langu: kioo mbele, midoli imevaa magauni niliyoshona mimi, na kibao chenye jina langu kwa rangi nyekundu. Shangazi akiniona nimetulia na mkasi hewani anajua nimeshafika dukani. "Rudi Bunda," anasemaga, "mteja anasubiri."

Mwili wangu ulikuwa mzima kabisa. Malaria mbili tatu za utotoni, basi. Sikuwahi kufikiria kwamba nina figo. Figo kwangu ilikuwa kitu cha kwenye bucha.

Mume wangu Magesa nilimpata hapohapo kwa shangazi. Ni utingo wa lori la saruji. Alileta suruali ipunguzwe, wiki iliyofuata akaileta ileile, na nyingine tena. Mwishowe shangazi akamwambia, "Baba, suruali hii tukiipunguza tena itakuwa kaptula. Sema unachotaka." Akasema. Tukaoana, nikaenda kuishi kwao Bugwema, kwa sababu Magesa ni kitinda mimba na mama yake alikuwa ameshafariki. Kaka zake wana miji yao mbali. Baba yake, mzee Wambura, alibaki peke yake na ng'ombe, na haikufaa mzee aishi bila mtu wa kumpikia.

Sasa naomba muuone uwanja wa pale, maana ugonjwa wangu wote ulianzia kwenye uwanja. Nyumba ya mzee huku, nyumba yetu kule, jiko katikati. Nyuma yetu shamba la mtama. Upande wa kulia ua wa minyaa, na karibu na huo ua kuna kaburi la mama mkwe, limejengewa vizuri kwa saruji. Ukilipita kaburi ndipo unafika chooni. Njia ni hiyo moja tu.

Na mzee Wambura, akishatoa ng'ombe asubuhi, anaweka kigoda chake pembeni ya kaburi la mke wake. Anakaa hapo anasokota kamba za katani, redio ndogo iko pajani. Anakaa mpaka jua linazama. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anamkalia mke wake karibu, kama walivyokaa miaka yote.

Shangazi aliponifunda alinieleza desturi ya ukwe. "Baba mkwe humpi mkono. Hukalii kiti chake. Huli naye sahani moja. Na asikuone hata siku moja unaelekea chooni, mwanangu. Akikuona umemvua nguo yeye na wewe." Niliyashika yote, na hilo la mwisho nikalishika kuliko mengine.

Kwa hiyo nilikuwaga naenda chooni alfajiri mzee hajaamka, halafu mpaka giza liingie. Katikati ya mchana, ikinizidia sana, najipenyeza kwenye mtama, ulikuwa mrefu unanificha. Mtama ulipovunwa nikabaki sina pa kujisitiri. Shamba jeupe, unaona mpaka kwa jirani.

Nikapata dawa ya hilo, niliiona ya akili kweli: nikaacha kunywa maji. Nalima, napika, nachota maji ya watu wote, mwenyewe sinywi. Midomo ilinipasuka nikapaka mafuta. Nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa mkamwana mwenye adabu. Mzee mwenyewe nilimsikia anamwambia jirani, "Huyu mtoto ametulia, humuoni akizungukazunguka." Nilifurahi siku nzima!

Kisha nikapata mimba. Wanawake wenzangu mnajua, mimba inakalia kibofu kama mtu anakalia mto. Kile ambacho zamani nilikiweza kukibana mpaka jioni, sasa hata saa moja ni taabu. Nikabana hivyohivyo. Nakaa jikoni nimekunja miguu, jasho linanitoka, nahesabu nyimbo za redio ya mzee, naomba Mungu ng'ombe waingie kwenye shamba la mtu ili ainuke.

Ndipo moto ulipoanza. Nikikojoa, mkojo unatoka kidogo, unachoma kama pilipili imemwagwa. Nikimaliza nasikia bado upo. Nikiinuka nataka kurudi tena. Ulikuwa na harufu kali na umechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Nilikwenda duka la dawa, nikapewa vidonge, moto ulipopoa nikaviweka vilivyobaki kwenye kikombe nikasema ni akiba. Ukarudi. Nikaenda zahanati, nikapimwa, wakasema ni UTI, wakanipa vidonge vingine na kunisisitiza nimeze vyote na ninywe maji mengi. Vidonge nilimeza vyote. Maji nilisema ndiyo, nikarudi nyumbani kwenye uwanja uleule.

Siku iliyoniangusha nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani. Nilianza kusikia baridi, na jua linawaka. Meno yakagongana. Chini ya mbavu, upande wa kulia kwa nyuma, nikasikia kama mtu ananichoma kwa mti wa kuchomea nyama, anauchoma, anauzungusha. Ndoo ikaanguka, na mimi nikafuata. Nikatapika. Nguo yangu ikalowa kidogo, nikaangalia, rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, imechanganyika na kitu kama damu.

Aliyenikuta ni mzee Wambura. Alisimama mbali kidogo, mikono hewani, hawezi kunishika. Nilimsikia anapiga kelele kwa jirani, "Mama Bhoke! Mama Bhoke, njoo! Mkamwana amekufa!"

Mama Bhoke akaja anakimbia na unga mikononi. "Hajafa, mzee, anatapika. Maiti haitapiki. Kaite bodaboda!"

Zahanati hawakunikalisha. Waliponipima joto na kusikia tumbo langu linavyokaza wakatafuta gari, nikapelekwa Musoma, hospitali. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa sita.

Daktari alikuwa kijana, anaongea taratibu. Alinigonga mgongoni pale penye maumivu kwa upande wa mkono, nikaruka. Akasema, "Dada, maambukizi yalianza kwenye kibofu, yakapanda. Sasa yako kwenye figo. Na tumbo linabana kwa sababu mwili mzima umechemka na umekauka. Tunakuanzishia dripu na sindano sasa hivi."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto yupo. Tunataka abaki humo humo. Akitoka sasa hivi ni mdogo mno."

Tangu hapo sikuogopa kufa mimi. Niliogopa kwa ajili ya huyo.

Muuguzi wa wodi yetu naomba nimwite Nesi Mwajuma, si jina lake. Mwanamke mfupi, kilemba chake kimefungwa vizuri, anatembea haraka lakini hakupiti bila kukuangalia usoni. Ndiye aliyeniwekea mpira wa mkojo, ili wajue figo zinatoa kiasi gani. Nilibana mapaja kwa aibu. Akavuta pazia, akanifunika khanga mpaka magotini, akaniambia, "Legeza, bibie. Hapa tuko wanawake wawili tu, na mimi nimeshaona zaidi ya hiki. Vuta pumzi, puliza taratibu kama unapoza uji." Niliposikia ule ubaridi wa maji anayoniosha nayo, kisha kitu kinapita, kinawasha, nikapuliza uji wangu, na kabla sijamaliza akasema, "Tayari."

Mfuko ukaning'inizwa chini ya kitanda. Nilichungulia mkojo wangu mwenyewe. Matope, kidogo tu pale chini. Nesi Mwajuma akautazama kwa muda, akasema, "Tutausafisha huu mpaka uone mkono wako ng'ambo."

Akanilaza ubavu wa kushoto. "Lalia huku, damu ifike kwa mtoto vizuri." Akachukua kile kifaa kama tarumbeta ndogo, akaweka sikio, akafumba macho. Wodi nzima ikanyamaza, hata mgonjwa aliyekuwa analia. Halafu akaanza kugonga kidole kwenye chuma cha kitanda, kaskas, kaskas, anafuata mapigo. "Huyo," akasema. "Anakimbia." Nililia kwa furaha, na machozi yenyewe yalikuwa machache kwa jinsi nilivyokauka.

Magesa alikuwa safarini na lori, amepita mpaka. Shangazi alikuwa na homa kitandani kwake Bunda. Mama Bhoke ndiye aliyekaa na mimi, ananigeuza, ananifuta, anamwaga mkojo kwenye kopo la kupimia kama alivyoelekezwa. Na mzee Wambura? Mzee hakuondoka. Wanaume hawaruhusiwi wodini isipokuwa saa ya kutazama wagonjwa, kwa hiyo alitafuta benchi kwenye baraza, nje ya dirisha letu, akakaa hapo kutwa na redio yake. Anakwenda mara moja tu mchana kununua uji wa ulezi kwa mama ntilie, anaupitisha kwa Mama Bhoke, anarudi kwenye benchi. Jioni analala kwa ndugu yake pale Musoma, asubuhi yuko hapo tena. Nilikuwa naona kofia yake tu dirishani.

Wagonjwa wenzangu walinionea wivu. "Una baba mkwe wewe! Wa kwangu hata kuuliza jina la ugonjwa hajauliza."

Sindano zikafanya kazi. Baridi ikaacha kunitetemesha, mgongo ukapoa, tumbo likalegea. Mfuko ukaanza kujaa na rangi ikafunguka, kutoka matope ikawa chai, kutoka chai ikawa juisi ya ubuyu, mpaka ikaanza kuwa njano. Nesi Mwajuma akautoa mpira. Akaweka chupa kubwa ya maji juu ya kabati langu, akasema, "Kazi yangu nimefanya. Sasa zamu yako. Kunywa, na ukisikia mkojo, nenda. Usiubane hata kidogo. Choo kiko mwisho wa baraza."

Mwisho wa baraza! Nikachungulia dirishani. Kutoka mlangoni kwetu mpaka chooni, unapita mbele ya benchi. Na kwenye benchi, kofia.

Ndugu zangu, mtaniona mjinga. Lakini kitu ulichofundishwa kiwe heshima hakikuachi kwa sababu uko hospitali. Mguu unakataa wenyewe. Nikaacha kunywa. Maji nilikuwa namimina kidogo kwenye beseni la kunawia ili chupa ionekane inapungua. Nikawa nabana mpaka mchana mzee aende kwa mama ntilie, hapo naruka kitandani, nakimbia na tumbo langu nimelishika kwa mikono miwili, narudi kabla kofia haijarudi.

Joto likapanda tena. Tumbo likaanza kubana, linakuwa gumu kama mpira wa miguu, linaachia, linakuwa gumu. Daktari akaja, akasoma, akakunja uso. Nilimsikia anamwambia nesi, "Alikuwa anakwenda vizuri. Kesho ikiwa hivi tubadilishe dawa, na tufikirie kumpeleka Mwanza. Sipendi hili tumbo." Alipoondoka nililala nimeangalia ukutani, mkono juu ya mtoto. Alicheza kidogo, kisha akatulia. Nikajiuliza huyu atanihesabia kosa gani.

Nesi Mwajuma alibaki ananiangalia. Mchana uliofuata mzee akainuka kwenda kununua uji, na mimi nikainuka. Niliporudi mbio nikamkuta nesi amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyangeta."

"Abee, sista."

"Wewe unakojoa kwa ratiba ya mzee?"

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu. Nikalia mpaka kamasi. Nikamweleza yote, kigoda, kaburi, njia, mtama uliovunwa, beseni. Nilifikiri atanigombeza, au atacheka, maana ni mtu wa mjini. Hakucheka. Alichuchumaa pembeni yangu na gauni lake jeupe.

"Mimi nimeolewa kijijini, Nyegina," akasema. "Baba mkwe wangu akikohoa mbali, mimi naacha sufuria naingia ndani. Najua unachosema."

"Sasa nitafanyaje, sista?"

"Wewe huwezi kumwambia. Na mimi kama nesi siwezi kutoka tu nikamwambia mzee wa watu habari za mkojo wa mkamwana wake. Atachukua kofia yake atarudi Bugwema na hatasikia." Akafikiri. "Mzee ana wajukuu wa kike?"

"Wengi. Wa kaka zake Magesa."

"Wanamtania?"

"Wanamwita mume wao. Wanamwambia atafute meno awaoe."

Nesi Mwajuma akasimama, akajikung'uta. "Basi leo ameongeza mmoja."

Nikarudi kitandani. Mzee alikuja na uji wake, akakaa. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia nesi anatoka barazani, sauti imebadilika kabisa, ya maringo.

"Mume wangu, hujambo? Kutwa uko hapa hata hunisalimii."

Kofia ikageuka. "Wewe nani? Mke wangu yuko Bugwema, chini ya saruji."

"Najua, pole. Ndiyo maana nimekuja mimi kurithi. Una ng'ombe wangapi?"

"Wa kwangu, au wa kukuoa wewe? Wewe ulivyo mfupi, mbuzi mmoja anatosha."

"Mbuzi! Na kazi yangu ya serikali?"

"Na kilemba. Nitaongeza kuku."

Wodini watu walianza kucheka chini ya shuka. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda. Nikasikia benchi linalia, nesi amekaa.

"Babu," akasema, sasa taratibu, "mjukuu ana ruhusa ya kumwambia babu yake lolote. Si ndiyo?"

"Ndiyo desturi."

"Na babu hakasiriki."

"Hakasiriki. Sema."

"Mkamwana wako anakuheshimu mpaka anataka kufa."

Redio ikazimwa.

"Hanywi maji, babu. Anabana mkojo kutwa nzima. Ndicho kilichompandisha ugonjwa mpaka kwenye figo, na ndicho kinachombana tumbo sasa hivi na mtoto yuko ndani. Tunamtibu anapona, anabana, anaumwa upya."

"Anabana kwa nini?"

"Kwa sababu umekaa kwenye njia ya choo. Hapa umekaa. Na nyumbani umekaa."

Nilisikia watu wanapita, beseni linaanguka mahali, mtoto analia wodi ya pili. Kofia haikutikisika. Nilitamani kitanda kinimeze.

Halafu mzee akauliza, sauti yake imekuwa ndogo, "Na mtoto?"

"Yupo. Moyo unapiga. Lakini tumbo hilo likiendelea kubana, atatoka kabla ya wakati wake, na hapo sitakudanganya."

Mzee akavuta pumzi. "Mama yake Magesa," akasema, "alipokuwa hai alikuwaga ananisumbua. Nikikaa tu, 'Baba Magesa, nenda kaangalie ndama.' Nikirudi, nikikaa, 'Baba Magesa, hebu nenda kwa jirani kaniulizie chumvi.' Mwanaume mzima naulizia chumvi. Enzi hizo wakamwana wakubwa wako bado pale nyumbani, wamekaa tu, ananituma mimi. Nilikuwa namwambia, wewe mwanamke unanionea." Kofia ikainama. "Kumbe alikuwa anawapisha watoto."

Nesi akamsogelea kidogo kwenye benchi.

"Miaka yote," mzee akasema. "Na hakuniambia."

"Angekuambiaje, babu?"

"Ndiyo. Angeniambiaje."

Benchi likalia. Kofia ikapanda juu, ikaondoka dirishani. Nikasikia hatua zake zinakwenda, zinapotea. Nesi Mwajuma akaingia, macho yake yamelowa, akanimiminia kikombe kimejaa mpaka juu. "Kunywa. Barabara iko wazi."

Nilikunywa. Nilikwenda chooni kwa miguu yangu, mchana kweupe, nikakojoa mpaka nikasikia kizunguzungu. Lakini mzee hakurudi. Jioni hakurudi. Nilijiambia nimepona figo nimekosa baba. Nilikunywa huku nalia, kikombe baada ya kikombe, kwa ajili ya yule mdogo.

Asubuhi Mama Bhoke akaingia na uji. "Mzee amesema nikuambie, amehamia upande wa pili, kule magari yanapoegeshwa. Amesema ukitaka kitu utume mtu kule. Anaungua na jua lakini amekataa kuhama." Akanisogelea sikioni. "Na amesema unywe. Amesema hivi hivi: mwambie anywe."

Siku zilizofuata joto lilishuka na halikupanda tena. Tumbo likalegea moja kwa moja. Nesi Mwajuma aliniletea kopo la kioo nikojoe ndani yake, akaweka kidole chake nyuma ya kioo. "Unaona nini?"

"Kidole chako."

"Kina pete?"

"Kina pete!"

Wodi nzima ikapiga makofi, kwa ajili ya mkojo. Sikujua kama nitawahi kupigiwa makofi maishani, na sikutegemea yatakuwa ya hivyo.

Shangazi alipopata nafuu akaja. Aliposimuliwa alikaa kitandani kwangu, akavua miwani. "Nilikufundisha adabu, Nyangeta. Sikukufundisha kufa." Nikamwambia kosa si lake. Akasema, "La nani basi?" Hakuna aliyenitakia mabaya katika habari hii yote. Kila mtu alikuwa anamheshimu mwenzake.

Kabla ya kuruhusiwa Nesi Mwajuma alinikalisha. Akaniambia nimalize vidonge vyote hata nikijisikia mzima. Nikijisafisha, nitoke mbele kwenda nyuma, siyo nyuma kuja mbele. Nikikutana na mume wangu, nikakojoe baadaye. Kila nikienda kliniki niombe mkojo upimwe, na nikisikia baridi, mgongo au moto tena, nisisubiri hata siku moja. "Na usiwe na aibu na mimi kwa simu," akasema. "Aibu zako zote nimeshazimwaga kwenye kopo."

Nilipofika Bugwema nilimkuta Magesa ametangulia, viganja vimechubuka. Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya jiko, kulikuwa na choo kipya. Mlango wa bati, umeangalia shambani. Mzee alirudi mapema akaita vijana wachimbe, na Magesa aliposhuka kwenye lori alipewa sururu kabla ya salamu.

"Kwa nini hukuniambia?" Magesa akaniuliza.

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako asikae na mama yako?"

Akaangalia chini. Akasema, "Mimi ningechimba, Nyangeta. Ningechimba siku ya kwanza." Na najua angechimba. Ndilo lililoniuma zaidi.

Mzee hajawahi kunitamkia neno hata moja juu ya jambo hili, na mimi sijamtamkia. Anaendelea kukaa kwenye kigoda chake karibu na mkewe. Ila nilipojifungua, mtoto wa kike, miezi imetimia, kilo zake zimetosha, nikawa nakaa mlangoni kwangu kumnyonyesha, na kunyonyesha kunatia kiu sana. Nikasikia mtu anakohoa mbali, ile ya kupiga hodi. Nikajifunika. Mzee akaja ameangalia pembeni, akaweka jagi la maji kwenye ngazi, limefunikwa na sahani. Akageuka akaenda zake. Kesho yake akafanya hivyo tena. Mtoto tumempa jina la bibi yake.

Nimepima mkojo na damu baada ya kujifungua, figo zote mbili zinafanya kazi. Kwa hilo namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari aliyeongea taratibu, Mama Bhoke aliyeacha unga wake, na Nesi Mwajuma ambaye nadhani angeweza kunipa dawa tu akaendelea na kazi zake, lakini alikaa akanitazama naishije. Cherehani nimeileta Bugwema. Duka la kioo bado, ila kibao nimeshachora kwenye karatasi, na nyekundu yake ni nzuri kweli.

Wadogo zangu mnaoolewa, jueni kwamba mkojo haungoji giza. Ukikuchoma, ukiwa wa rangi ya chai, ukisikia mgongo na baridi, na hasa ukiwa na mimba, nenda zahanati leo, na uwaambie kila kitu, hata kile kinachokuzuia nyumbani. Kama huwezi kumwambia baba mkwe, yuko mtu anayeweza kumwambia. Tafuta mjukuu wake, wifi yako, jirani, nesi. Heshima yako itabaki palepale.

Mama wakwe mnaojua kutuma wazee kuulizia chumvi, mwambieni na mwingine siri hiyo kabla hamjaondoka.

Na ninyi baba zetu, hatuwezi kuwaambia kwa midomo yetu, kwa hiyo naandika. Mkishakaa muda mrefu pale uwanjani, inukeni mtembee kidogo. Nendeni mkaangalie ng'ombe. Mkirudi mtatukuta wazima.